Yadi ya malori kando ya barabara kuu: hati ya kiwanja peke yake haitoshi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au Mombasa kwenda Malaba, huona yadi za malori zikichipuka kila mwaka pembeni ya barabara. Nyingine zina ukuta, taa na mlinzi. Nyingine ni uwanja wa vumbi uliomwagwa kifusi, kibanda cha mama lishe, na bango la rangi lililoandikwa kwa mkono "Parking ya magari makubwa". Wenye malori wanazihitaji, kwa kuwa miji mingi haitaki tena semi-trela zilale mitaani, na dereva anayeegesha bega la barabara usiku hupambana na mambo matatu kwa pamoja: wezi wa mafuta, askari wa usalama barabarani, na hatari ya kugongwa kwa nyuma.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa mipakani, pamoja na wasafirishaji wenye magari kumi au ishirini tu, wameanza kutafuta eneo lao wenyewe. Na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu hununua ekari mbili au tatu zilizogusa lami, huoneshwa hati au mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na huamini kwamba kazi iliyobaki ni kusawazisha na kuweka geti. Kumbe umiliki wa ardhi ni jambo moja, ruhusa ya kuitumia ardhi hiyo kama maegesho ni jambo la pili, na ruhusa ya kufungua njia ya kuingilia kutoka barabara kuu ni jambo la tatu. Kila moja ina ofisi yake. Ofisi moja kukubali hakuilazimishi nyingine ikubali.

Makala haya yanaeleza zaidi utaratibu wa Tanzania, kisha yanagusa Kenya, Uganda na Zambia.

Hifadhi ya barabara si mali ya mwenye kiwanja

Jambo la kwanza la kupima, kabla hata ya kuzungumza bei, ni umbali kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na barabara za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Majengo yaliyokutwa katika zile mita 7.5 zilizoongezwa ndiyo yaliyowekewa alama ya X ya kijani, kwa maana kwamba mwenyewe atalipwa fidia siku serikali itakapolihitaji eneo. X nyekundu ni habari nyingine: aliyewekewa alama hiyo alijenga ndani ya hifadhi ya zamani na hana fidia.

Mita 30 ni kanuni ya jumla tu. Zipo sehemu ambazo hifadhi ni pana zaidi kwa sababu ya matangazo ya sheria za miaka mingi iliyopita. Mfano unaojulikana ni Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Mwaka 2017 nyumba na majengo ya biashara yaliyokuwa ndani ya eneo hilo yalibomolewa, na miongoni mwa wenyewe walikuwemo watu waliokuwa na umeme, maji na risiti za kodi. Kwa hiyo anayenunua eneo la yadi asitegemee futi kamba ya dalali. Aende ofisi ya Meneja wa Mkoa wa TANROADS akiwa na ramani ya kiwanja, aulize upana wa hifadhi katika sehemu hiyo, na aombe jibu kwa maandishi. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na upana wake ni mwingine.

Kuna mtego mdogo hapa ambao huwapata hata watu makini. Barabara ya njia mbili pamoja na mabega yake huchukua mita tano au sita tu kutoka katikati. Hubaki mita zaidi ya 20 za nyasi kati ya lami na mpaka wa kiwanja. Mwenye yadi huziona hizo mita na kuzifanya uwanja wake wa mbele: magari husubiri hapo, mashine ya kujaza upepo huwekwa hapo, na wakati mwingine choo hujengwa hapo. Yadi nzima hupangwa kwa kutegemea ardhi isiyo yake. Barabara ikipanuliwa, geti hujikuta karibu na lami, na semi-trela haina tena pa kusimama ikisubiri kufunguliwa.

Ardhi imeandikwa itumikeje?

Hati ya Tanzania ina masharti ya matumizi. Yanaweza kuwa makazi, makazi na biashara, biashara, viwanda vidogo, maghala au kilimo. Kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa maegesho ya malori kwa kuvunja ukuta. Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, uendelezaji katika eneo la mipango unahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ni halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Kukiuka masharti ya hati ni sababu mojawapo inayoweza kumfanya mmiliki anyang'anywe haki yake chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Kubadili matumizi huanzia kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Mwombaji hupeleka nakala ya hati, mchoro wa mipango miji wa eneo, na maelezo ya anachotaka kujenga. Maombi hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, na hujadiliwa na kamati husika kabla ya kupelekwa mbele. Majirani wa yadi za malori hupinga mara nyingi, na si bila sababu: injini zinazowashwa saa tisa usiku, honi, vumbi, na watoto wanaovuka kwenda shule. Mwombaji anayekwenda na mpango wa ukuta, miti, saa za kuwasha magari na njia isiyopita katikati ya nyumba za watu husikilizwa vizuri kuliko anayekwenda na barua ya mwanasheria.

Ardhi ya kijiji ina mlolongo wake. Maeneo mengi yanayouzwa kwa bei nafuu nje ya miji bado ni ardhi ya kijiji, na mkataba ulioshuhudiwa na mwenyekiti hauifanyi kuwa kiwanja cha biashara. Hapo huenda ikahitajika kuihawilisha kwanza kuwa ardhi ya jumla, ambako uamuzi wa mwisho ni wa Rais. Asiye na subira ya kungoja hatua hizo ni bora atafute kiwanja kilichokwisha kupimwa, hata kama bei ni mara mbili.

Yadi inayouza mafuta au yenye gereji haiishii halmashauri. Kituo cha mafuta kinahitaji leseni ya EWURA, tathmini ya mazingira iko chini ya NEMC, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua. Na yadi itakayohifadhi makontena yaliyo chini ya udhibiti wa forodha si maegesho tena. Inaingia katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na leseni yake hutolewa na TRA.

Mdomo wa yadi

Sehemu inayoleta ugomvi mkubwa ni ile ya mita chache kati ya lami na geti. Hakuna anayeruhusiwa kukata njia yake na kuiunganisha na barabara ya umma bila kibali cha mamlaka ya barabara hiyo. Kibali hiki hutolewa kwa mchoro, na mhandisi huangalia mambo ambayo mwenye kiwanja hakuyafikiria wakati wa kununua.

La kwanza ni kuonana. Tanzania, magari makubwa na mabasi yamewekewa mwendo wa juu wa kilomita 80 kwa saa, ambao ni mita 22 kwa sekunde. Semi-trela yenye mzigo inayotoka getini ikisimama haiwezi kumaliza kuingia barabarani chini ya sekunde kumi. Katika muda huo basi limekwisha kusogea zaidi ya mita 220. Kwa hiyo kiwanja kilicho kwenye kona, nyuma ya kilele cha mlima, au jirani na daraja kinaweza kunyimwa mdomo kabisa hata kama kila karatasi nyingine iko sawa. Kiwanja cha namna hiyo mara nyingi ndicho kinachouzwa kwa bei ya kutupa, na muuzaji anajua kwa nini.

La pili ni upande wa barabara. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia magari hupita kushoto. Yadi iliyo kushoto mwa gari lenye mzigo linalotoka bandarini huingiwa kwa urahisi. Iliyo ng'ambo hulazimisha lori kukata njia ya magari yanayokuja. Mhandisi anaweza kudai njia ya ziada ya kupunguzia mwendo au ya kusubiria kukata kona, na gharama yake ni ya mwenye yadi.

La tatu ni maji. Wengi huziba mtaro wa barabara kwa mawe na kifusi ili magari yapite. Mvua ya kwanza maji hurudi kwenye lami, hula bega la barabara, na lawama hufika getini pamoja na barua ya kufunga. Chini ya njia ya kuingilia lazima liwekwe kalavati lenye ukubwa uliotajwa na mhandisi, na maji ya ndani ya yadi yasitiririke kuelekea barabarani. Pia mdomo wenyewe uwekwe lami au zege kuanzia ukingo wa barabara hadi ndani ya geti. Tope linalobebwa na matairi hadi kwenye lami limeshaangusha bodaboda wengi.

La nne ni geti. Semi-trela pamoja na kichwa chake ina urefu wa mita 17 au 18, na gari lenye tela la kuvuta hufikia mita 22. Geti lirudishwe ndani ya kiwanja kiasi kwamba gari refu kuliko yote linaweza kusimama mbele yake bila mkia kubaki barabarani, na bila kutegemea ardhi ya hifadhi. Hii ina maana ya kutoa sadaka kipande kizuri cha mbele ambacho kila mtu angependa kukipangisha kwa maduka. Wenye yadi huumia hapo. Lakini geti lililobanwa mbele, magari matatu yakifika kwa pamoja, huziba barabara kuu, na ni foleni hiyo inayomleta mkaguzi.

Ekari moja inabeba malori mangapi?

Dalali atasema hamsini. Hesabu yake ni hii: ekari ni kama mita za mraba 4,047, lori moja linahitaji nafasi ya mita 3.5 kwa 20, yaani mita za mraba 70, basi gawanya upate 57. Hesabu ni sahihi ila malori hayo yangelazimika kushushwa na helikopta. Semi-trela inahitaji uwanja wa kugeukia, njia ya kupita, nafasi ya geti, choo, ofisi na mtaro. Ukiweka mita za mraba 160 hadi 180 kwa kila gari, ekari moja inachukua magari 22 hadi 25. Ndiyo hesabu ya kupeleka benki, na ndiyo ya kupangia ada ya kulaza gari.

Umbo la kiwanja nalo lina uzito wake. Kiwanja chembamba chenye upana wa mita 30 hakifai hata kikiwa kirefu kama uwanja wa ndege, kwa kuwa lori likiingia haliwezi kugeuka. Kinachofaa ni kile kinachoruhusu mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea tofauti, magari yakizunguka upande mmoja tu. Kwa kuwa usukani wa magari mengi ya huku uko kulia, mzunguko unaofuata mshale wa saa humrahisishia dereva kurudi nyuma akiuona mkia wa tela kwa macho yake. Nafasi zilizolazwa kwa pembe, ambazo gari huingilia nyuma na kutokea mbele, hula ardhi zaidi lakini hupunguza magari kugongana usiku.

Kuhusu sakafu, ikumbukwe kwamba uzito wa juu unaoruhusiwa Afrika Mashariki ni tani 56. Gari la uzito huo likisimama siku tatu kwenye lami nyepesi juani, matairi huzama. Dizeli inayovuja nayo huyeyusha lami. Wenye uzoefu huweka zege pale magari yanapolala, na changarawe iliyoshindiliwa vizuri sehemu nyingine mpaka pesa zipatikane. Maji ya kuoshea magari yapite kwanza kwenye chemba ya kutenganisha mafuta kabla ya kutoka nje. Mkaguzi wa mazingira huitafuta chemba hiyo mapema.

Jambo moja la kibiashara lisisahauliwe. Gari lenye mzigo wa transiti haliendi linakotaka. Linafungwa na njia iliyoidhinishwa na forodha, na mizigo mingi ina lakiri ya kielektroniki inayopiga kelele gari likichepuka. Yadi nzuri iliyo kilomita nane nje ya njia hiyo haitapata wateja hao hata ikiwa na bafu la maji ya moto.

Upande wa Kenya

Mgawanyo ni uleule, majina tofauti. Ruhusa ya uendelezaji hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Anayeanza kujenga bila ruhusa hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Sheria hiyo pia inampa mwombaji kinga: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ni vyema basi kutunza nakala ya maombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Barabara kuu za kitaifa, ikiwemo ya Mombasa hadi Malaba, ziko chini ya KeNHA, na kibali cha mdomo hutoka huko. Barabara nyingi za mijini ziko chini ya KURA au kaunti yenyewe. Maeneo mengi ya wazi kando ya barabara ya Mombasa bado yameandikwa kuwa ya kilimo, hivyo kubadili matumizi ni lazima. Mamlaka ya Uratibu ya Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, imekuwa ikihimiza kwa miaka kadhaa ujenzi wa vituo vya mapumziko kando ya barabara. Mwekezaji anayeuliza mapema maeneo yaliyopendekezwa huepuka kununua mahali ambapo kituo kikubwa kitajengwa jirani yake.

Uganda na Zambia

Uganda, Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo hoja ya kwamba "huku ni kijijini" haina nguvu. Aliyezoea kwenda UNRA kwa mambo ya barabara kuu ajue kwamba wakala huo ulivunjwa mwishoni mwa mwaka 2024 na kazi zake zikarudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Zambia, kwa wenye yadi za Nakonde na kuendelea, halmashauri hutoa ruhusa chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2015, na barabara ni za RDA.

Mgeni na ardhi

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayetaka yadi Tanzania hawezi kumiliki ardhi kama raia. Sheria ya Ardhi inamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inampa mgeni upangaji usiozidi miaka 99, na ardhi ya kilimo ina vikwazo zaidi. Uganda nako mgeni hupangishwa, hamilikishwi. Njia ya mkato inayotumiwa sana ni kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au shemeji mwenye uraia. Siku ya ugomvi, mwenye jina ndiye mwenye kiwanja, na zege lililomwagwa linabaki hapo.

Kwa wengi, kupanga ndiyo njia nyepesi. Lakini anayepanga yadi aombe kuona karatasi tatu kabla ya kulipa kodi ya mwaka: hati yenye matumizi yanayolingana, kibali cha halmashauri, na kibali cha njia ya kuingilia kutoka mamlaka ya barabara. Hiyo ya tatu ndiyo inayokosekana mara nyingi. Mwenye eneo akisema "hapa magari yanaingia miaka yote", mkataba uandikwe kwamba mdomo ukifungwa, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa, na gharama ya kuhamisha magari ni ya mwenye eneo.

Kwa yadi inayofanya kazi tayari bila kibali, mlango haujafungwa. Matumizi yanaweza kuombewa mabadiliko, na njia ya kuingilia inaweza kuchorwa na kurekebishwa kwa maelekezo ya mhandisi, ingawa mwenye yadi atarajie kulipa tozo za kuchelewa na pengine kuvunja geti. Kilichojengwa ndani ya hifadhi ya barabara hakina utaratibu wa kuhalalishwa. Hicho huondolewa, na kukiondoa kwa mikono yako kabla ya greda kufika huokoa angalau mabati na nondo.